Sanduku la mtaa ni la nani?

Katika mazungumzo yetu ya leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: fedha ambayo mtaa, yaani komini, inaweza kutoa ili kusaidia vyama vya raia visivyotafuta faida. Ndivyo vyama vya akina mama wanaosafisha mifereji, vijana wanaofundisha watoto kusoma, walemavu wanaoshona nguo. Mtu atauliza: fedha hiyo inahusu nini na amani? Historia ya nchi yetu inajibu.

Tuanze na wakati wa ukoloni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Wabelgiji ilitoa ruzuku kwa shule za misioni za kikatoliki. Misioni za Waprotestanti, ambazo nyingi ziliongozwa na wageni wasio Wabelgiji, zilingoja hadi mwaka 1948. Watoto walikuwa wa nchi moja, wazazi wote walilipa kodi, lakini sanduku lilifunguliwa upande mmoja. Hilo ni funzo la kwanza: ruzuku isiyo na kanuni moja kwa wote huwagawanya majirani.

Tarehe 26 Machi 1957 ilitoka amri juu ya miji, na Desemba ya mwaka ule Waafrika wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa mitaa yao. Huko Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu akawa mkuu wa mtaa wa Dendale. Huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, washindi wengi walikuwa wenye asili ya mikoa mingine. Wenyeji wengi waliona uchungu, na mwaka 1958 vyama vya makabila vya Katanga viliungana kuwa Conakat. Tunajua yaliyofuata mwaka 1960, na tunakumbuka ndugu zetu wa Kasai waliofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993. Sisemi kwamba fedha ya mtaa ndiyo iliyoleta mabaya hayo yote. Ninasema hivi: pale watu wanapoamini kwamba sanduku la mtaa ni la ndugu za mkuu, kila uchaguzi unakuwa ugomvi wa kabila.

Kisha ukaja utawala wa chama kimoja. Kila mtu alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR, na vijana walikuwa na JMPR yao. Tulifanya salongo, tukafyeka majani na kuzibua mifereji, lakini ni nani aliyethubutu kuuliza kodi ya soko imekwenda wapi? Raia alitoa jasho tu, hesabu haikumhusu.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vya raia vikazaliwa kama uyoga baada ya mvua. Lakini mwaka 1991 na 1993 miji iliporwa, na hazina ya serikali ilikuwa tupu. Wafadhili wengi wa nje wakapitisha misaada yao katika makanisa na vyama. Tuwashukuru, kwa maana watu walitibiwa na watoto walisoma. Hata hivyo tulipata desturi moja mbaya: chama kilitoa hesabu kwa mfadhili aliye mbali, wala si kwa jirani aliye karibu.

Sasa tusikie sheria zinasema nini. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza kwamba chama kisichotafuta faida hakiwezi kuwa njia ya kuwapatia wanachama wake mali. Katiba ya mwaka 2006 inazipa provensi 40% ya mapato ya taifa. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa miji, mitaa, sekta na usultani 40% ya sehemu hiyo. Fanyeni hesabu pamoja nami: katika franka 100 za taifa, 40 ni za provensi, na katika hizo 40, franka 16 ni za ngazi ya chini. Kwa miaka mingi fedha hiyo ilifika kidogo, ikichelewa, ama haikufika. Tena mitaa ilikaa bila baraza lililochaguliwa. Uchaguzi wa washauri wa mitaa ulifanyika Desemba 2023, nao katika mitaa ya miji mikuu ya provensi tu.

Mimi niliyesoma sheria nilijifunza jambo hili kwa macho yangu. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja, akina mama wa soko waliomba fedha kidogo ya kununua koleo na mikokoteni. Hawakujibiwa. Baadaye wakasikia kwamba chama kingine, ambacho hakuna aliyekijua, kimepewa. Kesho yake watu hawakuuliza juu ya daftari. Waliuliza: «Mwenye chama kile ni wa kabila gani?» Mama wawili waliouza samaki meza moja wakaacha kusalimiana.

Lakini mfano mwema nao upo. Miaka ya mwanzo ya 2010, katika Kivu ya Kusini, pamoja na mitaa ya Bukavu, raia waliitwa katika mikutano ya bajeti, wengine kwa ujumbe wa simu. Walichagua wenyewe kazi za kutangulia. Njia hiyo, iliyoanza Porto Alegre nchini Brazili mwaka 1989, haikuongeza mali kwa siku moja. Ilionyesha tu sanduku lina nini, na nani ameamua.

Basi, ndugu, tudai mambo matatu. La kwanza: maombi yatangazwe hadharani, sokoni na makanisani na misikitini, na kanuni iwe moja. La pili: orodha ya waliopewa na waliokataliwa ibandikwe ukutani pamoja na sababu. La tatu: chama kilichopokea kisome hesabu yake mbele ya watu wa mtaa, hata kama ni koleo tano tu. Na sisi wa vyama tuanze wenyewe, bila kungoja mkuu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: ikipotea hivyo, mara nyingi hupotea pamoja na ujirani.

Wale mama wawili wa samaki walipatana, siku ile daftari lilipofunguliwa mbele yao. Amani ikae nanyi.