Noah, Tsonga na jenereta ya jirani: namna tenisi ilivyoingia katika lupango letu

Kila mwaka, mwezi wa tano unapofika mwisho, wenzangu wa redioni wananicheka. Wao wanahesabu siku za mpira wa miguu, mimi natafuta mafuta ya jenereta kwa sababu Roland Garros inaanza. "Wewe Munande gani wa tenisi?" wananiuliza. Jibu langu huwa ni moja: wakati huo wa mwaka saa ya Paris na saa ya Butembo ni moja. Kule wakianza saa tisa mchana, huku pia ni saa tisa mchana. Kama Mungu hakutaka tuangalie, angetupa saa nyingine.

Lakini swali lao si la bure. Katika kata yetu hakuna uwanja wa tenisi. Mimi mwenyewe nilishika raketi ya kweli mara moja tu maishani, na mpira wa kwanza nilioupiga ukaenda juu ya mabati ya watu. Basi mapenzi haya yalitoka wapi? Nimeamua kuandika historia yake, maana naona siko peke yangu.

Kwetu yalianza na papa. Yeye ni mwalimu mzee, hajui kanuni za tenisi hata leo, ila jina la Yannick Noah analijua kama jina la mjomba. Mwaka 1983 nchi yetu ilikuwa bado Zaïre, na habari zilikuja kwa redio ya betri. Tarehe 5 Juni ya mwaka ule Noah alimshinda Msweden Mats Wilander kwa 6-2, 7-5, 7-6, akachukua kombe la Roland Garros. Baba yake, Zacharie, Mkameruni aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu, akashuka kutoka jukwaani mpaka uwanjani kumkumbatia mtoto. Papa hakuyaona hayo kwa macho. Aliyasikia tu, lakini akiyasimulia utadhani yeye ndiye aliyeshika mkono wa Zacharie asianguke.

Habari ya Noah inarudi nyuma zaidi, mwaka 1971. Mmarekani mweusi Arthur Ashe, aliyeshinda US Open mwaka 1968, alifika Yaoundé katika safari yake ya Afrika. Pale akamkuta mtoto ambaye hajafikisha miaka 12, anapiga mpira kwa nguvu za mtu mzima. Ashe akawaambia wakubwa wa tenisi ya Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice kufundishwa. Miaka 12 baadaye akawa bingwa. Na tangu siku ile ya 1983 hakuna mwanaume Mfaransa mwingine aliyeshinda Roland Garros. Nikiwa na Wafaransa wa mashirika hapa mjini napenda kuwakumbusha jambo hilo, taratibu, wakati wanakunywa kahawa yetu.

Mwaka 1991 ukaja wimbo wa Noah, "Saga Africa". Desemba ya mwaka ule yeye alikuwa kapiteni wa Ufaransa iliyoishinda Marekani katika Kombe la Davis, pale Lyon, na wachezaji wakauchezea uwanjani. Huku Zaïre ulikuwa mwaka wa uporaji na njaa. Watu waliucheza kwenye ndoa bila kujua una uhusiano gani na raketi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo kabisa, lakini kaseti ile iliendelea kupigwa nyumbani mpaka utepe ukakatika.

Sasa nifike kwa mtu wangu mwenyewe.

Januari 2008 nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Redio zote zilikuwa na habari moja, mkutano wa amani wa Goma. Tarehe 23 vikundi vya silaha vilitia sahihi zile "Actes d'engagement", na mtaani watu wakaanza kusema vita imekwisha. Kesho yake, tarehe 24, nilikuwa nasikiliza habari nijue nani amesaini na nani amekataa. Mwisho kabisa, kwenye michezo, mtangazaji akasema huko Melbourne kijana mmoja Jo-Wilfried Tsonga amempiga Rafael Nadal 6-2, 6-3, 6-2 katika nusu-fainali. Nadal! Kisha akaongeza kwamba baba ya kijana huyo ni Mkongomani.

Niliruka kutoka kitini. Papa akauliza, "Wamesaini wote?" Nikamwambia, "Hapana papa, ni Tsonga!" Akadhani Tsonga ni jenerali.

Baadaye ndipo tukajua kwamba baba yake, Didier, ni mtu wa Kongo ya Brazzaville, aliyekuwa mchezaji wa handiboli na mwalimu wa kemia kule Ufaransa. Mabishano yakaanza shuleni. Wengine wakasema Brazzaville si kwetu, ni ng'ambo ya mto, na kutoka Butembo iko mbali kuliko Kampala, Kigali na hata Nairobi. Mimi nikasema Kongo ni Kongo, mto ni maji tu. Isitoshe, mtazame uso: Tsonga anafanana na Muhammad Ali kiasi kwamba wazungu wenyewe walimpa jina la Ali. Na Ali alimwangusha Foreman wapi? Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Kwa akili yangu ya miaka kumi na saba, kesi ilikuwa imefungwa.

Fainali ilikuwa Jumapili ya tarehe 27, na kwa saa za huku ilianguka saa nne na nusu asubuhi, wakati wa misa. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nikiwa na karedio mfukoni na waya umepita ndani ya mkono wa shati. Tsonga akachukua seti ya kwanza 6-4. Wakati wa sala ya waamini nikasema "Twakuomba utusikie" kwa sauti ambayo mama aliifurahia sana. Baada ya hapo Novak Djokovic akashinda tatu mfululizo. Hadi leo Djokovic sijamsamehe, ingawa kwa miaka aliyocheza vizuri hivyo ningepaswa kuwa nimechoka kumkasirikia. Na ile amani ya Goma? Kabla ya mwaka kuisha vita ilikuwa imerudi.

Kitu kizuri kuliko vyote kilitokea tarehe 29 Juni 2011. Ilikuwa Jumatano, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Wakati ule nilikuwa namalizia kozi ya uandishi wa habari. Jirani mwenye jenereta alikuwa amewaalika watu kwake, wengi kwa ajili ya muziki. Nikamsihi atupe kituo cha Wimbledon "dakika kidogo tu". Tsonga alikuwa amepoteza seti mbili za mwanzo mbele ya Roger Federer. Ni lazima uelewe maana yake: katika mashindano makubwa Federer alikuwa ameongoza kwa seti mbili mara 178, na mara zote 178 alishinda. Watu wakasema, "Ndugu, toa hiyo, tuletee rumba." Jirani akanionea huruma. Seti ya tatu, Tsonga 6-4. Seti ya nne, 6-4. Kufika hapo hata mama mwenye kuuza mandazi alikuwa ameacha karai lake na kuuliza kwa nini wanahesabu 15, 30, halafu 40. Ya tano, 6-4. Tsonga akaanza ile ngoma yake ya kuruka na kuelekeza vidole gumba mgongoni, na lupango lote likaruka naye. Majirani wa juu walidhani ni shangwe za uhuru zimeanza mapema.

Tangu hapo nimepata ugonjwa wa kuchunguza damu za wachezaji. Federer mwenyewe nilimsamehe nilipojua mama yake ni wa Afrika Kusini. Félix Auger-Aliassime wa Kanada, baba ni wa Togo. Frances Tiafoe wa Marekani, wazazi wametoka Sierra Leone. Huyu baba yake alifanya kazi ya matengenezo katika kituo cha tenisi karibu na Washington, na watoto walilala naye katika chumba kidogo palepale kazini, kama wafanyavyo masentineli wetu. Mwaka 2022 mtoto wa chumba kile akamtoa Nadal kwenye US Open. Djokovic nimemchunguza sana. Sijapata kitu.

Ila kuna jambo linaloniuma katika uchunguzi huo. Karibu wote hao walikuzwa kule. Noah mwenyewe ilibidi apande ndege kwenda Nice. Upande wetu huu wa Afrika ya Mashariki, Paul Wekesa wa Kenya alisogea hadi karibu na nafasi ya 100 duniani katika miaka ya 1990. Mwanaume mwingine wa kanda yetu aliyepanda hivyo simjui.

Nilikuwa na mwenzangu wa Beni, fundi wa simu, tuliyejuana kwa sababu ya tenisi tu. Kilometa 54 kati yetu, na ujumbe wa simu. Agosti 2014 Tsonga alipowapiga Djokovic, Murray, Dimitrov na Federer katika wiki moja kule Toronto, mwenzangu alimaliza yuniti zake zote kwa kuniandikia. Oktoba ya mwaka uleule mauaji ya raia yakaanza Beni. Ujumbe wake ukabadilika. Mwanzoni aliandika matokeo ya mechi na chini yake, "Tumelala salama." Baadaye akabakiza hilo la pili tu. Leo yuko Uganda na familia yake.

Tarehe 14 Julai 2019 siwezi kuisahau. Ilikuwa wakati wa Ebola. Butembo tulikuwa tumeacha kushikana mikono, tunagusana viwiko, tunanawa maji ya klori kila mlangoni. Miezi mitatu kabla, tarehe 19 Aprili, daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa hapa kwetu, mjini, akiwa kazini kupambana na ugonjwa. Jumapili ile nilikuwa nimeomba mapumziko niangalie fainali ya Wimbledon, Federer na Djokovic. Mzee wa miaka 37 akafika 8-7, 40-15 katika seti ya tano, pointi mbili za ubingwa, huduma ni yake. Nikasimama. Akazipoteza zote mbili. Mechi ikaendelea mpaka Djokovic akashinda 13-12, saa nne na dakika 57, halafu wakaenda kwenye wavu kushikana mikono. Sote chumbani tukatazama ile mikono kama watu wanaotazama kitu cha zamani.

Jioni ileile ikathibitishwa kwamba Ebola imefika Goma: mgonjwa wa kwanza alikuwa mtu aliyetoka huku Butembo kwa basi. Simu yangu ililia mpaka usiku wa manane. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kesho yake asubuhi nilipofika redioni, mkuu wa habari akaniuliza jana mchana nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa London.

Tsonga alistaafu tarehe 24 Mei 2022, Roland Garros, mbele ya Casper Ruud. Bega lilimkatikia katika seti ya nne wakati anaongoza 6-5, akamaliza mechi akirusha mipira kama mtoto, machozi yanatoka. Sisi tulikuwa mwaka wa pili wa hali ya kuzingirwa. Papa alikaa karibu nami mpaka mwisho. "Huyu jenerali wako," akasema, "analia vizuri."

Mwaka 2025, siku mbili baada ya Carlos Alcaraz kumshinda Jannik Sinner katika fainali ya saa tano na dakika 29, nilikuta watoto wa jirani wamefunga kamba kati ya mti wa parachichi na nguzo ya uzio. Raketi ni vipande vya mbao, mpira ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa uzi wa mpira. Mmoja alikuwa Alcaraz, mwingine akasema yeye ni Tsonga, ingawa Tsonga alipomshinda Federer yeye hakuwa amezaliwa. Wakaniita niamue kama mpira umegusa mstari. Nikatazama vumbi, nikasema umetoka. Alcaraz akakataa, akaomba video.