Njia ya Kwenda Ngorongoro

Katika njia zote za Tanzania zilizokanyagwa na wageni waliokuja kutumikia kwa kujitolea, hapana niipendayo tarikhi yake kuliko hii itokayo Arusha, ikakata magharibi pale Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu, kisha ikaukwea ukuta wa Bonde la Ufa na kupenya nchi ya Karatu hata kuufikia ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Aghalabu mtazamaji asimamapo pale, akaona yapata mita 600 chini yake ardhi pana yenye ziwa la magadi na makundi ya nyumbu, hudhani kuwa mahali hapo hapakuwa na mwenyewe tangu kuumbwa kwake; na dhana hiyo si sahihi.

Wadatoga walikaa humo kabla ya kuondoshwa na Wamasai katika karne ya 19. Mwaka 1892 akapita Oscar Baumann, Mwaustria aliyewaandikia Wazungu wenzake habari za mahali hapo, na baada yake wakaja Wajerumani wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, wakafanya shamba kule chini mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipowatoa.

Ama wageni wa kujitolea, wao walikuja kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, na Tanganyika, iliyokuwa ikiungojea uhuru wake wa Disemba, ikawa miongoni mwa nchi za awali kupokea vijana wake: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, maadam nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa barabara za kutolea mazao mashambani. Nyuma yao wakafuata walimu wengi, na kwa walimu hao ikaota desturi ya kuzunguka nchini shule zifungwapo. Wawili watatu walichangiana petroli ya Land Rover kuukuu, au wakaomba nafasi juu ya lori la mizigo, wakajitwika mablanketi, kwa kuwa ukingo ule umeinuka zaidi ya mita 2,200 na baridi yake usiku si ya mzaha. Wakati wa masika udongo mwekundu wa Karatu ulikuwa utelezi mtupu. Gari likizama, yalikatwa matawi yakatandikwa chini ya magurudumu, na Wairaqw wa mashamba ya jirani wakaitwa kusukuma. Hapo ndipo Kiswahili walichofundishwa kabla ya kuanza kazi kilipowafaa, wakaamkiana na wenyeji, wakaulizana habari za mvua na za watoto. Mimi naitukuza safari ya namna hiyo kuliko ya mtalii wa juma moja, kwani aliyekwisha kukaa na watu mwaka mzima hawezi kupita mbele ya boma asijue kwamba ndani mna mama mwenye jina.

Lakini hata hao walifika baada ya jambo kubwa kupita. Mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro zilitengwa, na Wamasai waliokuwa wakilisha Serengeti wakahamishiwa upande huu kwa ahadi kwamba hapa watakaa na mifugo yao. Januari ya mwaka ule ule Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege, alianguka akafa; kaburi lake, rundo la mawe lililojengwa kwa ncha, lipo kando ya njia pale ukingoni, na kila gari husimama. Mwaka 1974, ilhali Peace Corps walikwisha kuondoka nchini tangu 1969, Wamasai waliokuwa wakikaa ndani ya kreta walitolewa. Na mwaka 1979 Ngorongoro ikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Kwa hao waliotolewa sijaona pale ukingoni jiwe wala kibao.

Basi nawasihi vijana wetu waongozao wageni, wawe wa kujitolea au wa kulipa, wakisimamisha gari ukingoni, kabla ya kuwaonyesha faru, wawaeleze habari za Wadatoga na za Wamasai, kwa majina ya koo zao na miaka ya kuondoka kwao.