Matofali Mekundu ya Kingsbury

Majirani zetu walirudi kutoka Athens mwanzoni mwa Julai wakiwa wamebabuka mabega, na hadithi yao kubwa haikuwa Parthenon bali joto. Hilo si la kustaajabisha. Julai 2023 wakuu wa Ugiriki walilazimika kuifunga Akropoli saa za mchana kwa sababu ya jua, na tangu hapo wamefanya hivyo tena. Mke wangu aliwasikiliza kwa adabu, na walipoondoka akaniambia, "Mume wangu, magofu tunayo hapa hapa mtaani na hatujawahi kuyatazama. Jumamosi twende."

Jumamosi ikawa ya fukuto. London ikipata joto hupata la ndani kwa ndani, lisilo na upepo wa bahari wa kulipoza. Saa nne asubuhi tulikuwa nje ya kituo cha treni cha Kingsbury, mimi na chupa mbili za maji, yeye na mwamvuli wake wa jua ambao Waingereza huugeukia kuutazama. Kituo chenyewe ni cha 1932. Kabla ya treni, hapa palikuwa mashamba ya majani ya kulisha farasi wa jiji. Nyumba zote hizi za matofali zilizopangana kama meno zilikuja baada ya reli.

Tuliifuata Kingsbury Road kuelekea mashariki. Gofu la kwanza halikuwa la kale hata kidogo. Ndani ya bustani ya Roe Green imebaki misingi ya zege ya milingoti ya John Logie Baird, yule Mskoti wa televisheni, ambaye mwaka 1929 alinasa hapa picha zilizorushwa kutoka Berlin. Haijatimia hata miaka mia, na tayari nyasi zimeizingira na watoto wanaikalia wakila aiskrimu.

Mbele kidogo ndipo penye hekalu la Kihindu la Swaminarayan, lililofunguliwa Agosti 2014, na waumini wake wengi ni Wagujarati waliopitia kwetu Afrika Mashariki. Wapo waliotoka Kenya katika miaka ya sitini, na wapo waliofukuzwa Uganda Agosti 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 wafungashe. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza kwa mkumbo huo. Tuliingia duka la jirani kuongeza maji. Mwenye duka, bibi wa makamo ya mama yangu, alitusikia tukisemezana. Mke wangu akamwahi: "Shikamoo, mama." Yule bibi akaweka mkono kifuani na kujibu, "Marahaba, mwanangu. Mmetoka wapi?" Kwa Kiswahili cha Kisumu, kilichonyooka, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya Uingereza. Akatukatia karatasi ya muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Hapa wanauita mogo, na hata vijana wao waliozaliwa London, ambao hawajui neno jingine lolote la Kiswahili, huagiza mogo. Neno limeangusha silabi moja njiani, lakini limefika.

Nilitembea nikilifikiria neno hilo mpaka tukaingia Church Lane na kushuka hadi Old Church Lane, zaidi ya kilomita mbili kutoka kituoni.

Hapo yapo makanisa mawili ya Mtakatifu Andrea katika uwanja mmoja wa makaburi. Lile kubwa linawadanganya wageni. Kwa sura ni la karne ya 19, na kweli lilijengwa miaka ya 1840, ila halikujengwa hapa. Lilikuwa Wells Street, katikati ya jiji. Waumini wa kule walipopungua na wa Kingsbury kuongezeka, lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likasafirishwa na kusimamishwa upya hapa. Likafunguliwa 1934.

Tulilofuata sisi ni lile dogo lililojificha nyuma ya miti. Sehemu kubwa ya kuta zake ni za karne ya 12 na 13. Ibada za kawaida zilikoma zamani, na leo linatunzwa kama mali ya historia. Mlango ulikuwa umefungwa, nasi hatukuuhitaji, maana tulichokijia kiko nje. Ukuta umejengwa kwa mawe magumu ya gumegume yaliyorundikwa kwa chokaa, na katikati yake, hapa na pale, vipande vyembamba vyekundu. Hayo ni matofali ya Kirumi.

Warumi waliivamia Britania mwaka 43 B.K. Barabara yao kuu iendayo kaskazini-magharibi, Watling Street, ndiyo leo Edgware Road, na ndiyo iliyokuwa mpaka wa mashariki wa Kingsbury tangu zamani. Walipoondoka, karne ya 5, majengo yao yakawa mahame. Waliokuja baadaye hawakuyaonea haya. Walichomoa matofali yaliyokwisha kuchomwa na watu wengine na kuyapanga katika nyumba ya Mungu wao.

Mke wangu aliweka kiganja juu ya kipande kimojawapo chekundu. Kilikuwa cha moto. "Kama Dimbani," akasema.

Yeye ni mtoto wa Kizimkazi, kusini ya Unguja. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani ulijengwa upya karne ya 18, lakini ndani, upande wa kibla, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yanayomtaja Abu Imran Musa bin al-Hasan kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. Waliojenga upya hawakuyatupa. Mtu akisimama kuswali leo ameelekea maneno ya zaidi ya miaka 900. Mke wangu amekua akiyaona kila Ramadhani na hakuwahi kuambiwa shuleni kwamba yana umri wa kulingana na makanisa ambayo Wazungu huvuka bahari kuyatazama, na mengine yamezidiwa.

Na Wagiriki hatukuwakosa. Katika karne ile ile ya 1 ambamo Warumi walikuwa wakiiteka nchi hii, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki na ambaye jina lake limepotea, aliandika mwongozo wa bahari ya Hindi uitwao Periplus. Ndani yake imo pwani yetu, aliyoiita Azania, na bandari ya mwisho, Rhapta, yenye pembe za ndovu nyingi na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Anayeujua mtepe, mashua yetu ya kushonwa, hahitaji kutafsiriwa. Nakala kongwe ya kitabu hicho ipo Heidelberg, na nyingine, ya karne za baadaye, ipo hapa London, Maktaba ya Uingereza. Sijui kwa nini nilimaliza shule bila kusikia kwamba ukurasa wetu wa kwanza katika maandishi ya dunia uliandikwa kwa lugha ya Athens.

Tulikaa kivulini chini ya miti ya makaburini, tukamaliza muhogo na maji yaliyokwisha kupata moto. Hapakuwa na mgeni mwingine. Mbwa mmoja alipita na mwenyewe, basi.

Ukifika London, shika treni ya Jubilee ushuke Kingsbury, ule mogo, kisha utembee hadi Old Church Lane asubuhi kabla jua halijapanda. Lakini ombi langu hasa ni kwa wazazi wa Unguja na wa nchi nzima. Kila siku mashua hutoka Kizimkazi zikiwa zimejaa watalii wanaokwenda kutazama pomboo, na watoto wetu wa safari za shule hupelekwa kwa pomboo hao hao. Msikiti uko hatua chache kutoka ufukweni. Waingizeni kwanza humo, muwaonyeshe ule mwaka 500 ukutani, ndipo mwende baharini.