Nafasi ya Wazi ya Karavia Ilikuwa ya Nani?

Anayeshuka Karavia, Lubumbashi, pale hoteli kubwa inapotazama ziwa na uwanja wa gofu, hukuta maji na majani mabichi si mbali na kelele za mjini. Ni rahisi kudhani kwamba waliopanga mji huu walipenda bustani, nasi tumezizembea tu. Sikubali. Nafasi ya wazi ilikuwepo tangu mwanzo, ila haikutengwa ili watu wakutane. Sehemu kubwa yake ilitengwa ili wasikutane. Mtawala wa kikoloni Emile Wangermée alipopanga Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, mwaka 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, barabara zilizonyooka zilikusudiwa Wazungu. Wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliwekwa kambini karibu na tanuru zilizoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Waafrika wengine walihamishiwa mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, na kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita. Ardhi ile ingetosha bustani ya mji mzima. Ikawa mpaka.

Watetezi wa mpango huo walisema ni suala la afya: mbu wa malaria haruki mbali, kwa hiyo umbali ni kinga. Hoja hiyo ina sayansi ndani yake, lakini nyumba za Wazungu zenyewe zinaipinga. Nyuma ya viwanja vingi palijengwa vibanda vya watumishi, na mpishi au mlinzi alilala humo hatua chache kutoka dirisha la bwana wake. Kama hofu ilikuwa mbu, mtu huyo angeondolewa wa kwanza. Alibaki kwa sababu kazi yake ilihitajika. Aliyezuiwa ni yule aliyetaka kuingia bila kutumwa. Usiku, Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kuzurura katika mji wa Wazungu.

Wengine watasema hayo yamepita, kwani hakuna sheria inayomzuia mtu kwa rangi yake. Kweli, na si jambo dogo. Lakini uwanja wa gofu hauingiwi kwa matembezi tu, na bei ya hoteli humchuja mgeni kabla hajafika mlangoni. Wapo pia wanaosema mji wenye barabara mbovu hauna fedha za bustani. Bustani ya wanyama ya Lubumbashi inawajibu: katika dhiki ya miaka ya 1990 ilipoteza wanyama wake, kisha ikafufuliwa, ingawa mahitaji mengine ya mji hayakuwa yamekwisha. Njia ya miguu na kivuli kando ya ziwa ni kazi nyepesi kuliko kulisha simba. Kinachotakiwa Karavia ni ukingo wa ziwa utengwe kuwa mali ya wote, mtu wa mitaa ya Katuba au Kenya aketi bila kuulizwa anamfuata nani, kabla viwanja vya mwisho havijapata wenyewe.