Kwenda Bunkeya Siku ya Pentekote

Kundi la waamini likifunga safari toka Likasi kwenda Bunkeya siku ya Pentekote, lijue linakwenda kutazama nini. Mji wa zamani wa mwami Msiri haukujengwa kwa mawe, na hamtaukuta.

Misionere Frederick Stanley Arnot alifika pale Februari 1886, akakuta biashara ya pembe na watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na msafara wa Stairs, uliomtumikia mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mji ukatawanyika. Dan Crawford, aliyekuja nyuma ya Arnot, akahama pia. Mwaka 1894 alianzisha misioni ya Luanza, kando ya ziwa Mweru, na watu wengi wakamfuata. Neno likaenda nao.

Hekalu la Yerusalemu nalo lilibomolewa, mwaka 70. Lakini Neno walilosikia wasafiri siku ile ya Pentekote, katika Matendo 2, halikubomoka nalo.

Basi nendeni, mwimbe, muombe. Msibebe udongo wa pale kama dawa, hauna nguvu. Kila mmoja arudi na jina la jirani atakayempelekea Neno juma hilo. Amina.