Ati kazini hakuna marafiki? Ona hawa 14

Wiki yangu ya kwanza kazini, supavaiza aliniambia: "Hapa hukuja kutafuta marafiki." Niliitikia tu. Leo ningempea stori ya 1931.

Huko Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliweka wanaume 14 kwenye chumba kimoja, wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu, na mtu wa kuwaangalia kando. Mpango wa malipo ulikuwa hivi: kundi likitoa kazi nyingi, kila mtu anapata zaidi. Rahisi, ama?

Wapi! Wasee walikuwa na kiwango chao cha kazi ya siku. Ukiharakisha sana, jirani anakupiga ngumi ya mkono. Ukizembea, unasemwa. Ukimchoma mwenzako kwa bosi, umejitenga. Lakini mwenzako akibaki nyuma unamsaidia, hata kama sheria inakataza.

Kuna wenye wataita huo uvivu. Mimi naona uoga. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na waliamini wakionyesha wanaweza zaidi, malipo ya kila kazi yatapunguzwa ama wengine watafutwa. Na kweli, 1932 kazi zilikauka, utafiti ukaisha.

Urafiki huo haukuwa mtamu kwa wote. Kama hukuwa na kundi, uliumia. Lakini bosi alipanga malipo, na marafiki ndio waliamua siku itaendaje.

Sasa wewe: ukiugua kesho, ni nani kazini atakushikia zamu?