Masisi na Walikale mbele ya sanduku la kura, 1960–2023

Tarehe 20 Desemba 2023 raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikwenda vituoni kumchagua rais, wabunge na madiwani. Wilaya ya Walikale, katika mkoa wa Kivu Kaskazini, ilipiga kura. Masisi, inayopakana nayo kwa upande wa mashariki, haikupiga. Wilaya hizi mbili zinategemea barabara ile ile itokayo Goma na kupitia Sake, na kwa zaidi ya miaka 30 zimepitishwa katika vita vile vile. Ukiuliza kwa nini moja iliachwa nje, utajibiwa kuwa ni kwa sababu ya waasi wa M23, na jibu hilo ni la kweli. Lakini halielezi kwa nini chaguzi kadhaa zilizotangulia nazo zilileta mgogoro huko, hata pale M23 ilipokuwa haijazaliwa. Maelezo hayo yanaanza zamani zaidi.

Tuanze na nchi yenyewe. Masisi ni milima na malisho, ardhi yenye rutuba na watu wengi, na wakazi wake ni Wahunde, Wahutu na Watutsi. Walikale ni msitu wa Wanyanga na Wakumu, na eneo lake la zaidi ya kilomita za mraba 23,000 linakaribia ukubwa wa Rwanda nzima. Barabara zake ni chache kiasi kwamba wakati wa biashara kubwa ya madini ya bati ya Bisie, ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, magari yakisimama pembeni kuzipisha. Kwa hiyo shida ya Walikale ilikuwa kwanza kumfikia mpiga kura. Masisi walikuwa na swali gumu zaidi: mpiga kura ni nani?

Swali hilo lilipandwa na utawala wa Wabelgiji. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara, na kuwapeleka Kivu. Takriban watu 85,000 walihamishwa, wengi wao wakapelekwa Masisi, ambako mashamba na malisho ya wakoloni yalihitaji wafanyakazi. Wahamiaji walipewa eneo la utawala wao lililoitwa Gishari, kisha mwaka 1957 eneo hilo likavunjwa na wakazi wake wakarudishwa chini ya machifu wa Kihunde. Wahunde waliona ardhi ya mababu zao imegawiwa bila idhini yao. Wahamiaji nao waliona wameletwa, wakatumikishwa, kisha wakanyimwa mamlaka. Pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kulalamika, na aliyesababisha yote mawili aliondoka mwaka 1960.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, sheria iliwaruhusu wenyeji wa Ruanda-Urundi waliokwisha kukaa Kongo miaka 10 kupiga kura. Ruhusa hiyo ilihusu uchaguzi tu. Swali la uraia liliachwa bila jibu. Mwaka 1972, chini ya Rais Mobutu, sheria iliwapa uraia waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikasema raia ni yule ambaye kabila la mababu zake lilikuwapo ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885. Mtu aliyelala raia akaamka mgeni katika kijiji alichozaliwa. Mwaka 1989, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, wasemaji wa Kinyarwanda waliozuiwa kugombea walivunja masanduku ya kura. Hili linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kuwa vurugu za vituoni katika sehemu hii zililetwa na mashine za kupigia kura au na chama fulani.

Mobutu alipolazimika kukubali vyama vingi mwaka 1990, ahadi ya uchaguzi ilifanya swali la uraia kuwa la haraka. Kura ingeamua nani atagawa ardhi, na hesabu ya watu ingeamua kura. Serikali ilianzisha zoezi la kuwatambua raia mwaka 1991, na Masisi zoezi hilo lilizua mapigano. Tarehe 20 Machi 1993 vijana wenye silaha waliwashambulia Wahutu sokoni Ntoto, ndani ya Walikale karibu na mpaka wa Masisi, na vita vikasambaa katika wilaya zote mbili vikaua maelfu ya watu. Wapo wanahistoria wanaotilia mkazo ardhi kama chanzo cha mauaji hayo, na wapo wanaotilia mkazo siasa za Kinshasa. Mimi naona hoja hizi hazipingani: ardhi ilileta chuki, na uchaguzi uliotarajiwa ulileta saa ya kuitumia. Mwaka uliofuata wakimbizi waliotoka Rwanda, pamoja na wauaji wa mauaji ya kimbari ya huko, waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu, na sanduku la kura likasahauliwa kwa zaidi ya miaka 10.

Lilirudi mwaka 2005. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilikuwa imewatambua watu wa makabila yote yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru, na tume huru ya uchaguzi, iliyoongozwa na padri Apollinaire Malu Malu, mzaliwa wa Kivu Kaskazini, ilianza kuandikisha wapiga kura nchi nzima. Zaidi ya watu milioni 25 waliandikishwa. Kadi ya mpiga kura ilikuwa na thamani isiyohusiana na kura: serikali haikuwa na kitambulisho kingine cha kuwapa wananchi, na katika nchi yenye vizuizi vya askari kila baada ya kilomita chache, kipande hicho chenye picha kilimlinda mwenye nacho. Watu walisimama foleni mchana kutwa ili kukipata.

Uchaguzi wa Julai 2006 unastahili kutazamwa kwa makini kuliko wote. Karatasi ya urais ilikuwa na sura 33, na ile ya ubunge ilikuwa na majina mengi kiasi cha kumtatiza hata msomaji mzuri. Barabara za Walikale hazikuwa bora kuliko leo. Jenerali mwasi Laurent Nkunda alikuwa milimani Masisi na askari wake, na mwezi huo huo akaunda chama chake cha CNDP. Hata hivyo watu walipiga kura, kwa utulivu ambao wageni hawakuutarajia. Kwa nini? Walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapatao 17,000 walisaidia, na ndege zao zilifika mahali magari yasipofika. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mwaka ule kila upande uliamini bado una la kupata kupitia kura, na karibu kila mtu mzima alikuwa na kadi mkononi.

Imani hiyo ilipungua upesi. Novemba 2006 askari wa Nkunda walipigana na jeshi la serikali kwa ajili ya Sake, na mwaka 2009, baada ya Nkunda kukamatwa, wapiganaji wake waliingizwa jeshini wakabaki Masisi wakivaa sare za taifa. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, akawa jenerali mwenye nguvu kuliko mtu yeyote wa serikali pale. Katika hali hiyo ukafika uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011.

Tume mpya, CENI, iliyoongozwa na mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, iliapishwa Machi mwaka huo, ikawa na miezi isiyozidi 9 kuandaa vituo zaidi ya 60,000 na wagombea ubunge zaidi ya 18,000. Vifaa vilichelewa katika sehemu nyingi za nchi, majina yalikosekana kwenye orodha zilizobandikwa vituoni, na fomu za matokeo zilipotea njiani kuelekea vituo vya kujumlishia. Masisi iliongezewa mzigo wa bunduki: waliokuwa wapiganaji wa CNDP walishutumiwa kuwashurutisha wapiga kura. CENI yenyewe iliomba matokeo ya ubunge yafutwe katika majimbo 7 ya uchaguzi kati ya 169, na Masisi lilikuwa mojawapo.

Walikale ilikuwa na kisa chake, nacho kinaonyesha jinsi sheria ilivyokuwa mbali. Miongoni mwa wagombea ubunge alikuwamo Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi lenye silaha la Mai-Mai. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kundi lake na makundi mengine yalivamia vijiji vya Luvungi na jirani zake, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Hati ya kumkamata ilitolewa Januari 2011. Hata hivyo jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura Novemba, mbele ya wanawake wa wilaya ile ile, na siku yenyewe ya kupiga kura ndiyo siku Baraza la Usalama lilipomwekea vikwazo. Alijisalimisha mwaka 2017, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwanamke aliyenusurika Luvungi aliingia kituoni mwaka 2011 akamkuta mshitakiwa akiomba kura yake; hakuna kasoro ya vifaa inayofanana na hiyo.

Uchaguzi uliofuata ulipaswa kufanyika mwaka 2016, ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Mwenyekiti wa CENI sasa alikuwa Corneille Nangaa, na kitu kipya kilikuwa mashine ya kupigia kura iliyotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza: mpiga kura anagusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine inachapa karatasi, naye anaitumbukiza sandukuni ili ihesabiwe kwa mkono. Nangaa alisema mashine itapunguza gharama za kuchapa karatasi zenye kurasa nyingi. Wapinzani waliiita mashine ya kuibia. Hofu zote mbili, ya wizi na ya betri kuisha katika vijiji visivyo na umeme, zilikuwa na msingi. Hata hivyo ukaguzi wa daftari uliokuwa umefanyika mwaka huo huo ulionyesha jambo lililozungumzwa kidogo kuliko mashine: zaidi ya wapiga kura milioni 6 kati ya milioni 40 hawakuwa na alama za vidole.

Mwaka huo Beni na Butembo, kaskazini mwa mkoa, ziliahirishiwa kura hadi Machi 2019, miezi miwili baada ya rais kuapishwa. CENI ilitaja ugonjwa wa Ebola na usalama. Wakazi wakasema wanaadhibiwa kwa kuwa ni ngome ya upinzani. Masisi na Walikale, zenye makundi mengi yenye silaha, zilipiga kura. Tofauti hiyo inatia nguvu hoja ya wakazi wa Beni, ingawa Ebola ilikuwa kweli na iliua.

Desemba 2022 daftari lilianza kuandikwa upya. Katika Kivu Kaskazini uandikishaji ulifunguliwa Februari 2023. M23, iliyotokana na CNDP, ilikuwa imeuteka mji wa Kitshanga, Masisi, mwishoni mwa Januari, na ikaendelea kusonga kuelekea Sake. Maelfu ya watu wa Masisi walikuwa kambini pembeni mwa Goma wakati mashine za kuandikishia zilipopaswa kufika vijijini kwao. Masisi na wilaya ya Rutshuru, pamoja na Kwamouth mkoani Mai-Ndombe, hazikuandikishwa, na kwa hiyo miezi 10 kabla ya siku ya kura matokeo yake huko yalikwisha kuamuliwa. Kwingineko, siku yenyewe ilikuja na matatizo yanayojulikana: vituo vilivyochelewa kufunguka, kadi zilizofifia wino hadi jina lisisomeke, na mashine zilizokutwa mikononi mwa watu binafsi. CENI, sasa chini ya Denis Kadima, iliongeza muda na baadaye ikafuta kura za wagombea 82.

Siku 5 kabla ya kura hiyo, jijini Nairobi, Nangaa alitangaza muungano wa kisiasa na kijeshi pamoja na M23. Mtu aliyesimamia kura ya Masisi mwaka 2018 akawa mshirika wa wale ambao vita vyao viliizuia mwaka 2023. Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Masisi, na Machi ikafika Walikale mjini kabla ya kuondoka wiki chache baadaye.

Bunge la Kinshasa lina viti 500. Vilivyogombewa mwaka 2023 ni 484, kwa kuwa viti vya Masisi, Rutshuru na Kwamouth viliachwa wazi. Kwa mujibu wa katiba, uchaguzi mkuu ujao ni mwaka 2028. Msomaji anayetaka kujua kama Masisi itapiga kura mwaka huo asingoje habari za mashine wala za foleni za siku ya kura. Aulize mapema: daftari limefunguliwa lini huko, limefunguliwa na nani, na waliokimbilia kambini wameandikiwa wapi.